Kilo Arobaini na Nne

Mwalimu Efraimu hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, maana mbele ya safari wako watakaomwona vingine. Alikuwa mwalimu wa fizikia tu, miaka ishirini na miwili katika shule moja ya Old Moshi, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: akisikia namba ya uongo mwili ulimwasha. Mzee wa kanisa akitangaza kwamba waumini mia sita wamehudhuria ibada, Efraimu aligeuka na kuhesabu mabenchi. Mkewe Elinipendo akisema maziwa yamechemka dakika moja tu, yeye alitazama saa. Elinipendo alikuwa ameshamzoea, kama mtu anavyozoea paa linalovuja na kujua pa kuweka ndoo.

Mdogo wake, Shedrack, alizaliwa tumbo lilelile lakini namba zote wakaachiwa wengine. Aliishi Pasua, huko Moshi mjini, na kazi yake ilikuwa kuchora na kuandika katuni. Ilikuwa mwaka 1996, magazeti yanaota kila kona kama uyoga baada ya mvua, na gazeti moja la wiki lilikuwa limempa Shedrack ukurasa mzima wa mwisho. Humo aliishi shujaa wake, Nondo, mchukuzi wa mizigo wa stendi, mwenye kifua kama mlango wa ghala na shati ambalo halikuwahi kumaliza hadithi likiwa na vifungo. Nondo alikunja reli. Nondo alirusha ng'ombe juu ya ukuta ili asikanyagwe na gari. Watu walilisoma gazeti lile kuanzia nyuma.

Balaa lilianza mwezi wa nane, Nondo aliposimamisha lori. Lilikuwa lori la mchele kutoka Chekereni, limekatika breki, linashuka kuelekea soko la Pasua lililojaa akina mama. Nondo alijitokeza, akanyoosha mkono mmoja, na lori likasimama kwa hatua moja. Mchele haukumwagika hata punje.

Efraimu alisoma hayo chumba cha walimu, akaweka kikombe chini, akavuta karatasi. Tani kumi, aliandika, mwendo wa kilomita sitini kwa saa, kusimama ndani ya mita moja: kani inayohitajika ni sawa na uzito wa tani mia moja na arobaini. Haya, tuseme mkono wa Nondo unaweza. Je, miguu? Mtu wa kilo tisini na tano aliyesimama juu ya changarawe, msuguano wa nyayo zake hauvuki uzito wa kilo sitini. Kwa hiyo lori lingemsukuma Nondo kama sabuni kwenye sakafu yenye maji, akiwa bado amenyoosha mkono wake vizuri. Ili asiteleze ingebidi awe na uzito wa zaidi ya tani mia mbili, na mwenye uzito huo hasimami Pasua, anazama. "Namwomba mwandishi," alimaliza, "atuonyeshe wiki ijayo jinsi Nondo alivyochimbuliwa." Akaweka sahihi: Mwalimu wa Fizikia, Old Moshi.

Mhariri aliichapa barua yote. Wasomaji wakaipenda kupita kiasi, wakaomba nyingine. Efraimu hakuombwa mara mbili. Kila wiki Nondo alifanya muujiza na kila wiki Mwalimu wa Fizikia alimpigia hesabu. Reli iliyokunjwa ilipimwa unene. Ng'ombe aliyerushwa ilionekana kwamba angetua akiwa nyama ya kusaga.

Shedrack alijua vizuri mwalimu huyo ni nani, na mwanzoni alicheka. Lakini kucheka kulianza kumwisha siku muuza mkaa alipomuuliza, "Eti Nondo wameshamchimbua?" Akawa kila akipita anaulizwa. Mtoto wa jirani akamweleza habari za msuguano. Mwezi wa kumi Shedrack aliketi, akanoa penseli, akasema moyoni: sasa na hili alipigie hesabu.

Toleo lililofuata, Nondo alikuwa mjini kwenye duka la vifaa vya shamba. Alinunua mashine ya kumenya kahawa, ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, yenye gurudumu kubwa ubavuni. Akaibeba kichwani peke yake, akapanda nayo mlimani kilomita kumi na tatu, akavuka mto juu ya ubao mmoja, akafika nyumbani kabla ya kengele ya kanisa ya jioni.

Efraimu aliisoma hadithi hiyo kengele ya kipindi ikiwa imeshalia. Alikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyomponza. Aliandika mbiombio. Nishati si tatizo, alisema, kupanda mita mia sita na mzigo huo ni ndizi kumi tu za kupika, na supu ya mtori inabaki. Tatizo ni shingo, na zaidi ya shingo ni ubao. Mtu na mashine nzima kwa pamoja ni uzito ambao ubao wa kawaida haubebi. "Mtu akikwambia alivuka hivyo," aliandika, "muulize nguo zake zilikauka saa ngapi." Akampa barua mwalimu mwenzake aliyekuwa anashuka mjini, akaingia darasani amefurahi.

Jioni alirudi nyumbani kwa njia yake ya siku zote, katikati ya migomba ya kihamba, shamba la ukoo aliloacha baba yao. Akapita kando ya nyumba ya mama. Na pale chini ya upenu wa paa, mahali pake pa miaka yote, imekaa mashine ya kahawa yenye gurudumu kubwa ubavuni.

Efraimu alisimama. 

Maana hadithi ile haikuwa ya Nondo. Ilikuwa ya baba yao, Mzee Yoramu, aliyefariki miaka minane nyuma, na hakuna mtu wa Old Moshi asiyeijua. Mwaka 1950 Mzee Yoramu alinunua mashine mjini, akaileta mwenyewe kichwani, akavuka ubao, akafika kabla ya kengele. Ilisimuliwa kwenye pombe ya mbege, ilisimuliwa kwenye harusi, mchungaji aliisimulia kwenye mazishi. Efraimu aliipata hadithi hiyo kabla ya kupata hesabu, na miaka yote ilikaa upande wa kichwa ambako hesabu haikuwahi kufika. Na sasa kwa mkono wake mwenyewe ameandika kwamba baba yake alilowana.

Gazeti lilitoka Jumamosi na kichwa kikubwa cha barua: MWALIMU ASEMA HUYO NI MWONGO. Neno mwongo lilikuwa la mhariri, lakini nani atamweleza mtu hilo? Shedrack alipanda mlima siku hiyohiyo na gazeti kwapani, akaketi jikoni kwa mama, akamsomea kwa sauti, taratibu, pamoja na zile nguo zilizochelewa kukauka.

Mama yao, Bibi Ndelilio, alikuwa na miaka sitini na minane na hakuwa mtu wa kelele. Jumapili asubuhi Efraimu alifika mlangoni kama alivyofika kila asubuhi ya maisha yake ya utu uzima, hatua thelathini kutoka kwake, kuamkia na kunywa kikombe cha maziwa. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Sauti ilitoka ndani, na mlango haukutikisika. "Nenda kanisani."

"Mama, nifungulie basi."

"Baba yako alikuwa mwongo?"

Efraimu alifungua mdomo. Angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia hapo. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema hapana. Lakini aliiona hesabu yote mbele ya macho yake, safu kwa safu, na ulimi ukagoma.

"Nimekusikia," mama alisema. "Siku utakayoniambia baba yako hakuwa mwongo, mlango utafunguka. Na kaburi lake likizinduliwa baada ya Krismasi, kama hujaniambia, utasimama na wageni kule kwenye uzio."

Kaburi lilikuwa linajengewa, limwagiwe sakafu na kuwekewa kibao cha maandishi, na siku ya pili ya Krismasi mchungaji alikuwa aje kuliombea mbele ya ukoo mzima. Mtoto wa kwanza ndiye anayesimama kichwani pa kaburi. Kusimama kwenye uzio na wageni ni kutangaziwa mbele za watu kwamba huna baba. Efraimu alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu alimpenda sana yule mzee mfupi mwenye koti moja.

Elinipendo alimwacha wiki nzima. Kisha akamwambia, "Mpelekee masale."

Masale ni yale majani marefu ya kijani yanayopandwa kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Mchagga akikukosea, akikuletea jani la masale, huwezi kumfungia mlango wala kumnyima msamaha, hata kama amekuulia ng'ombe. Efraimu alichuma moja kwenye mpaka, akalifuta umande, akaenda. Mlango ulifunguka, kwa kuwa ni lazima ufunguke. Mama alisimama kizingitini na kanga begani.

"Umekosa nini?" aliuliza. Ndivyo inavyoulizwa.

"Nimekosa, Mama. Nimekuumiza. Nimemdhalilisha Baba kwenye gazeti. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini..."

"Masale hayana lakini."

"Ndiyo, Mama. Lakini..."

"Efraimu. Kama hesabu yako ni mbovu, umekosa, nipe jani nikusamehe. Kama hesabu yako ni nzuri, hujakosa, jani la nini?"

Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwatega wanafunzi, na hakuwahi kutegwa hivyo. Mama alilichukua jani mkononi mwake, akaingia, na kabla ya kufunga alimwonyesha: amelichomeka kwenye mbao za kabati la vyombo. "Litakaa hapa. Ukimaliza kuhesabu utaniambia kama ni lako au ni la mtu mwingine."

Basi Efraimu akaamua kumtetea baba yake kwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Barua ile ilikuwa ya haraka, alijiambia, ilikisia kila kitu. Huenda mashine ni nyepesi. Huenda ubao ulikuwa mnene. Aliifungua mashine kwa spana, akaipakia kwenye toroli vipande viwili, akaisukuma hadi kwenye mizani ya kahawa ya chama cha ushirika. Gurudumu: kilo arobaini na nne. Kiwiliwili: sitini na nne. Jumla mia moja na nane. Mama alimtazama akiondoka na alimtazama akirudi, kwenye dirisha la jikoni.

Uzito wa baba ulipatikana kwenye cheti cha hospitali: kilo sitini, na hizo ni pamoja na koti. Ukabaki ubao. Ubao ule ulikuwepo. Daraja la kweli lilipojengwa, Mzee Yoramu aliuomba akatengenezea benchi, na benchi hilo lilikuwa jikoni kwa mama, mahali ambapo Efraimu hakuwa na ruhusa. Elinipendo akaenda kurudisha sufuria. Alikaa kwenye benchi nusu saa akiongea habari za kuku huku mkono mmoja, chini ya gauni, ukipima kwa futi ya ushonaji. Alirudi na vipimo vyote.

"Mama hakushuku?"

"Aliniambia upande wa pili ni mnene zaidi kidogo," Elinipendo alisema. "Nami nikaupima na huo."

Ulikuwa wa mti wa mgrevilea, sentimita ishirini upana, nne na nusu unene. Efraimu alipata wa namna hiyohiyo kwenye banda la ng'ombe lililobomolewa, akausubiri mwezi wa kumi na mbili, watu wote wanaporudi mlimani kwa Krismasi, kwa kuwa jaribio bila mashahidi ni uvumi.

Siku hiyo aliulaza ubao juu ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia unaopita chini ya kihamba, mita nne kutoka ukingo hadi ukingo kama ulivyokuwa mto. Watu walikuja kama kwenye mpira. Shedrack alikuja pia, na suruali nyeupe aliyovalia sikukuu. Hawakuwa wamesemeshana tangu mwezi wa kumi.

"Utapima kwa mawe?" Shedrack aliuliza.

"Kwa madebe ya maji. Debe ni kilo ishirini."

"Baba alikuwa debe? Weka mtu, kaka! Ubao unamjua mtu."

Kwa fizikia maneno hayo ni upuuzi, lakini watu walishangilia, na Shedrack alikuwa ameshapanda. Mizani ya kahawa, iliyoazimwa ushirika, ilimpa kilo sabini na tisa, ambazo nyingi zilitoka Pasua. Alisimama katikati, ubao ukapinda kidogo. Wakampa debe la kwanza, ubao ukalia. Wakampa la pili mkono mwingine, ukapinda hadi ukakaribia maji. La tatu wakamtwika kichwani. Kilo mia moja thelathini na tisa.

"Unaona!" Shedrack alipiga kelele chini ya debe. "Umesimama! Baba oyee!"

"Oyee!" watu wakaitikia.

"Usitikisike," Efraimu alisema.

Shedrack akacheka. Ubao uliweza kilo mia moja thelathini na tisa ila kicheko haukukiweza. Ulipasuka kwa mlio uliowafanya mbuzi waruke, na mchoraji wa Nondo akaenda chini na madebe yake matatu. Alipoinuka alikuwa na tope hadi kwenye nyusi.

Efraimu alitoa saa mfukoni. "Sasa," alisema, "tutajua nguo zinakauka kwa muda gani."

 Halafu Shedrack mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, na kaka yake akaingia mfongoni na viatu kumvuta, na wote wawili wakatoka wakishikana mabega. Hivyo ndugu walipatana. Ila Efraimu alipokuwa anakamua soksi, furaha ilimtoka. Baba kilo sitini, mashine mia moja na nane. Mia moja sitini na nane. Ubao ulikuwa umekataa kilo ishirini na tisa kabla ya kufika hapo.

Usipite haraka hapa, msomaji, kwa sababu Efraimu hakupita. Alikwenda na Shedrack mezani kwake na kuandika upya. Vipande viwili, aliona, vinavukika! Baba na kiwiliwili ni mia moja ishirini na nne. Ubao unakubali. Baba na gurudumu ni mia moja na nne. Unakubali. Alivuka mara mbili! "Peke yake!" Shedrack alisema, akagonga meza. Fundi wa kaburi alikuwa ameshachora maneno hayo kwenye saruji mbichi: ALIBEBA MASHINE KUTOKA MOSHI PEKE YAKE.

"Ngoja," Efraimu alisema.

Kama mashine ilikuwa vipande viwili, na mtu mmoja, atavibebaje? Anapeleka kimoja, anarudi mtupu, anakuja na cha pili. Kilomita kumi na tatu zinakuwa thelathini na tisa. Duka la mjini lilifunguliwa saa mbili asubuhi. Kengele ya jioni ni saa kumi na mbili. Alimtembeza baba yake kwenye karatasi kwa kila mwendo, akamnyima chakula, akamnyima kupumzika, na kila mara mzee alifika kengele imeshalia na giza limeingia. Lakini wazee waliokuwa bado hai walimwona akiingia kijijini jua lingalipo. Shedrack alitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie tu Mama kwamba ilibebeka. Mimi nadanganya kila wiki, wala sijafa."

"Siwezi."

"Najua."

Walikwenda pamoja, siku ya mkesha wa Krismasi, mchana. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, ameketi kwenye lile benchi. Mlango ulikuwa wazi, lakini Efraimu aliishia kizingitini.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Nimemaliza, Mama." Alikunjua karatasi, kisha akaikunja tena, kwa sababu alikuwa anaijua yote. "Ubao unasema hapana. Saa inasema hapana. Mashine nzima, mtu mmoja, siku moja, haiwezekani. Nimejaribu kila njia. Lakini sikumkuta Baba mwongo popote. Kiwiliwili cha kilo sitini na nne alikiweza, ubao ulimkubali, muda ulimtosha. Yeye yuko sawa kabisa. Ila kuna kilo arobaini na nne hazina mtu."

"Hazina mtu," mama alirudia.

"Hazina, Mama. Zilipanda mlima siku hiyohiyo, na kwa hesabu zinadai mtu wa pili. Nimefikiria labda mjomba Eliamini."

Mama aliacha kisu. Mabega yakaanza kutikisika, na Efraimu alidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu. "Eliamini! Eliamini alikuwa akibeba fimbo anapumzika njiani!" Akajifuta macho kwa kanga. "Ingia, wewe. Ingieni wote, mnaziba mwanga."

Wakaingia. Efraimu alitaka kukaa kwenye kigoda, mama akampigia benchi kwa kiganja, kaa hapa. Akakaa. Kwa muda mama alimenya ndizi moja, polepole, hadi mwisho.

"Mimi ndiye niliyevuka wa pili," alisema.

Akachukua ndizi nyingine.

"Yeye alitangulia na kile kizito. Nami nikafuata na gurudumu, kichwani, na ngata ya majani ya mgomba. Tulitoka mjini pamoja na tulipanda pamoja. Tulipofika kwenye migomba ya kwanza hapo chini akaniambia, Ndelilio, pita njia ya nyuma, wazee wasikuone. Wangemla nyama. Mwanamke mwenye mimba amebebeshwa chuma! Nikapita nyuma. Watu wakamwona yeye akiingia na mzigo. Kesho yake wakakuta mashine imesimama nzima. Nani aliibeba? Yeye alinyamaza tu. Ile habari ya peke yake wameisema wao. Baadaye mbege ikaisema, na akashindwa kuirudisha. Kila ikisimuliwa alikuwa ananitazama mimi, na mimi namtazama yeye. Niliahidi sitamwaibisha. Miaka arobaini na sita."

Shedrack alikuwa amekaa chini kwenye majivu na suruali yake ya pili. "Mama," alisema, "na ulikuwa na mimba?"

"Miezi saba. Na alikuwa mkorofi. Kila nikisimama kupumzika ananipiga teke, twende." Akamgeukia Efraimu, na macho yake hayakuwa na mzaha hata kidogo. "Hesabu yako bado ina kosa, Mwalimu. Kwenye ule ubao hujajijumlisha."

Efraimu alitazama ubao aliokalia. Aliupapasa kwa mkono, ule upande mnene kidogo. Alitaka kusema kitu kuhusu kilo moja na nusu, maana miezi saba ni kama kilo moja na nusu, lakini akalia pale jikoni kama mtoto, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, na mama yake akamwacha alie huku akiendelea na ndizi.

"Kibao kitabadilishwa," Efraimu alisema alipoweza kusema. "Shedrack, mwambie fundi afute yale maneno mawili."

"Saruji imeshakauka."

"Itabomolewa!"

"Hakibomolewi kitu," mama alisema. "Kiacheni. Maneno yale yalimfurahisha. Kaburi langu mtakapolijenga, mtaandika kilo zilizobaki." Akasimama, akaenda kwenye kabati la vyombo. Jani la masale lilikuwa limenyauka ncha lakini katikati bado kijani. Akalitoa. "Si nilikwambia utajua ni la nani? Wewe hujakosa. Nimekosa mimi, nilimwahidi mtu nikavunja. Nipisheni."

Walimfuata nyuma yake hadi kwenye migomba, hatua chache, mahali kaburi lilipo, jipya, bado linanuka chokaa. Mzee Yoramu alilala hapo chini ya sifa zake. Mama aliinama kwa taabu, akakataa kushikwa mkono, akaliweka jani juu ya saruji, kwenye neno PEKE.

"Yoramu," alisema, "nimewaambia. Zilikuwa nzito."